Jinsi ya kupima upitishaji umeme wa kihami cha kauri kikiwa ndani ya mionzi: mwongozo kamili

Wengi wanaojaribu kupima namna mionzi inavyobadilisha upitishaji umeme wa kauri hurudi na tatizo lilelile: mkondo uliosomwa ni mkubwa kupita kiasi, wakati mwingine mara mia kadhaa ya ule unaotarajiwa, na hitimisho linaloandikwa ni kwamba kauri imeharibika. Mara nyingi kauri haina kosa lolote. Kilichopimwa ni hewa iliyoizunguka, au uchafu ulio juu ya uso wake, au kebo iliyobeba ishara hadi kwenye mita.

Mwongozo huu una shabaha moja, nayo ni kuhakikisha kwamba mkondo unaousoma umepita ndani ya kauri yenyewe. Mfano unaotumika ni kisahani cha alumina (Al₂O₃) kinachopigwa na miale ya gama kutoka kobalti-60, lakini hatua hizi zinafaa pia kwa magnesia na vihami vingine vya aina hiyo. Mwishoni kuna maelezo kwa anayekusudia kuhamishia kipimo kwenye kinu cha nyuklia.

## Mambo matatu yasiyopaswa kuchanganywa

Miale ya gama inapopita ndani ya alumina huzirusha elektroni juu ya pengo la nishati (kiasi ambacho elektroni lazima ipewe ili iwe huru kubeba mkondo) la takriban eV (elektronivolti) 9, na kila elektroni iliyorushwa huacha nyuma yake tundu lenye chaji chanya. Kutengeneza jozi moja ya elektroni na tundu hugharimu takriban eV 25, kwa kuwa sehemu kubwa ya nishati huishia kuwa joto. Ukipiga hesabu kwa msongamano wa alumina, kila grei moja (kizio cha dozi, yaani juli 1 ya nishati kwa kila kilo ya kauri) huzalisha karibu jozi 10²¹ katika meta moja ya ujazo. Nyingi huungana tena papo hapo au hunaswa kwenye kasoro za fuwele, na zile chache zinazobaki huru ndizo zinazobeba mkondo.

Huo ndio upitishaji unaoletwa na mionzi: huanza mionzi inapoanza na hupungua mionzi inapokoma. Uhusiano wake na kasi ya dozi huandikwa hivi:

σ = σ₀ + K·Rᵟ

Hapa σ ni upitishaji (kwa siemens kwa meta, S/m), σ₀ ni upitishaji bila mionzi, R ni kasi ya dozi kwa grei kwa sekunde (Gy/s), na δ ni kipeo ambacho kwa kawaida huwa kati ya 0.5 na 1. K ni kizidisho cha kauri husika, nacho hutegemea sana usafi wake, kiasi kwamba aina mbili za alumina zinaweza kutofautiana kwa mara mia au zaidi.

Jambo la pili ni uharibifu wa kudumu, yaani upitishaji unaobaki juu hata baada ya mionzi kuondolewa. La tatu ni mkondo unaojitokeza bila volteji yoyote kuwekwa, kwa sababu elektroni zinazorushwa na gama hutoka kwenye chuma kimoja na kutua kwenye kingine. Mambo haya yote matatu huonekana kwenye mita kama namba moja, na kazi yako ni kuyatenganisha.

## Vifaa vinavyohitajika

- Visahani vya alumina yenye usafi wa asilimia 99.5 au zaidi, kipenyo mm 20 hadi 25, unene mm 1. Andaa angalau vitatu kutoka fungu moja la kiwandani.
- Elektromita (mita ya mikondo midogo sana) inayoweza kusoma chini ya pikoampea 1.
- Chanzo cha volteji tulivu, 0 hadi V 200, kinachoweza kugeuzwa chanya na hasi.
- Chemba ndogo ya ombwe ya chuma na pampu isiyotumia mafuta.
- Kebo zenye kihami cha madini (magnesia au alumina iliyoshindiliwa ndani ya ganda la chuma), ncha zake zikiwa zimezibwa kabisa.
- Thamokapo (kihisi cha halijoto) ya aina ya K.
- Mashine ya kupaka dhahabu au platini kwa mvuke au kwa plazima.
- Vipimadozi vya alanini, vya kupima dozi inayofika mahali pa sampuli.
- Bamba la alumini lenye unene wa karibu mm 2.

Usijaribu kuokoa gharama kwenye kebo. Kebo ya plastiki itakupa namba, na namba hizo zitaonekana za kuaminika, lakini plastiki nayo hupitisha umeme ikipigwa na mionzi na huendelea kudhoofika kadiri dozi inavyoongezeka.

## Hatua ya 1: Safisha sampuli na andika historia yake

Osha kisahani kwa asetoni, kisha kwa ethanoli, kisha kwa maji yaliyoondolewa ioni. Baada ya hapo kikaushe ndani ya tanuri kwenye nyuzi za Selsiasi mia kadhaa kwa saa chache. Kuanzia hapo kishike kwa kibanio tu, kwa kuwa alama ya kidole ni chumvi na mafuta, na utando mwembamba wa chumvi wenye unyevu hupitisha mkondo mkubwa kuliko alumina nzima iliyo chini yake.

Andika usafi, vichafuzi vinavyojulikana na kama ni fuwele moja au punje nyingi. Kromiamu kidogo tu ndani ya alumina hunasa chaji na kupunguza upitishaji unaoletwa na mionzi, hivyo kulinganisha visahani viwili visivyojulikana vichafuzi vyake hakukuambii chochote.

## Hatua ya 2: Paka elektrodi tatu, wala si mbili

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nami naiona kuwa muhimu kuliko zote. Ukipaka elektrodi mbili tu, moja juu na moja chini, mkondo una njia mbili: kupita ndani ya kauri, au kuzunguka ukingoni juu ya uso. Mita haiwezi kujua ni njia ipi iliyotumika.

Upande wa chini paka elektrodi pana ya volteji. Upande wa juu paka duara la katikati lenye kipenyo cha mm 10, acha nafasi tupu ya mm 1, kisha lizungushie pete ya ulinzi. Duara la katikati linaunganishwa na elektromita, na pete inaunganishwa na ethi (ardhi). Kwa kuwa ingizo la elektromita liko karibu kabisa na volti 0, hakuna tofauti ya volteji kati ya duara na pete, na mkondo unaotambaa juu ya uso kutoka elektrodi ya chini huishia kwenye pete bila kupita ndani ya mita.

Tumia dhahabu au platini juu ya utando mwembamba wa titani ili ishike vizuri. Epuka gundi ya fedha, kwa sababu fedha husafiri juu ya uso wa kauri ikiwa chini ya volteji, hasa penye joto au unyevu, na hatimaye huvuka ile nafasi ya mm 1.

Eneo la hesabu huchukuliwa hadi katikati ya nafasi tupu, yaani nusu kipenyo cha mm 5.5, ambalo ni takriban 9.5 × 10⁻⁵ m². Kwa unene wa mm 1, uwiano wa eneo kwa unene ni meta 0.095. Ukiweka V 100:

- upitishaji wa 10⁻¹³ S/m hutoa takriban pikoampea 1;
- upitishaji wa 10⁻¹¹ S/m hutoa takriban pikoampea 95;
- upitishaji wa 10⁻⁹ S/m hutoa takriban nanoampea 9.5.

Bandika jedwali hilo karibu na mita. Litakusaidia kugundua mapema namba isiyowezekana.

Dalili ya mafanikio: nje ya mionzi, ukizidisha volteji mara mbili, mkondo unaotulia nao unazidi mara mbili hivi. Ukipanda kwa kasi zaidi ya hapo, kagua mguso wa elektrodi kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 3: Ondoa hewa

Hewa iliyo ndani ya mionzi ni kipitishi. Kila grei inayofyonzwa na hewa hutengeneza ioni zenye chaji inayoweza kuhesabiwa, kwani jozi moja ya ioni hugharimu takriban eV 34. Sentimeta moja ya ujazo wa hewa ya kawaida, ikiwa kwenye kasi ya 1 Gy/s na ioni zake zote zikakusanywa na elektrodi, hutoa mkondo wa takriban nanoampea 35.

Linganisha na jedwali la hapo juu. Kauri yenye upitishaji wa 10⁻¹¹ S/m hutoa nanoampea 0.095 tu. Sentimeta moja ya ujazo wa hewa karibu na waya ulio wazi inaizidi kauri kwa zaidi ya mara 300. Hicho ndicho chanzo cha ripoti nyingi za kauri "kuharibika" ndani ya dakika ya kwanza.

Weka kishikizo cha sampuli ndani ya chemba ya chuma na uitoe hewa hadi kanieneo (shinikizo) cha Pa (pascal) 0.1 au chini zaidi. Mkondo wa ioni hupungua pamoja na kanieneo, kwa hiyo kwenye Pa 0.1 mchango wa hewa iliyobaki huwa mdogo mno. Usiishie kwenye ombwe lisilo kamili la pascal mamia machache, kwani hapo hewa bado ina ioni za kutosha kupotosha kipimo, na volteji ikiwa juu huweza hata kuwasha mng'ao wa umeme ndani ya chemba.

Pampu isiyotumia mafuta inahitajika kwa sababu mvuke wa mafuta hutua juu ya kauri, kisha mionzi huuvunja na kuacha utando wa kaboni. Utando huo hupitisha umeme na hauondoki mionzi inapokoma. Anayeutazama kwenye mita bila kuchunguza atauita uharibifu wa kudumu wa kauri.

Onyo: mionzi hugeuza oksijeni iliyo ndani ya chumba cha mnururisho kuwa ozoni, ambayo hudhuru mapafu. Usiingie kabla mfumo wa kupitisha hewa haujamaliza kazi yake, na kabla ya msimamizi aliyeidhinishwa kuthibitisha kwamba chanzo kimerudi mahali pake. Kipimadozi chako binafsi kiwe mwilini muda wote.

## Hatua ya 4: Pima kebo peke yake

Kebo ya madini ina kauri ndani yake, kwa hiyo nayo hubadilika ikiwa ndani ya mionzi. Andaa kebo mbili zinazofanana na zipite njia ileile: moja ifike kwenye duara la katikati, nyingine iishie karibu na sampuli bila kuunganishwa na kitu chochote. Mkondo wa kebo ya pili ndio kiasi utakachotoa.

Kuna kosa jingine ambalo ni dogo kwa kulitazama lakini huumiza sana. Elektromita ina volteji ndogo kwenye ingizo lake, labda milivolti 1. Ikiwa ukinzani wa kihami cha kebo ndani ya mionzi umeshuka hadi ohmu 10⁸, milivolti hiyo moja husukuma pikoampea 10 kupitia kebo, na mita itazihesabu kana kwamba zimetoka kwenye kauri. Pima ukinzani wa kebo mionzi ikiwa imewashwa, kisha rekebisha sifuri ya mita katika hali hiyohiyo.

Magnesia ya unga hunyonya unyevu haraka. Ncha ya kebo iliyoachwa wazi usiku kucha inapaswa kukaushwa kwa joto na kuzibwa upya.

## Hatua ya 5: Pata kipimo cha msingi bila mionzi

Ukiweka volteji kwenye kihami, mkondo huanza ukiwa mkubwa kisha hushuka polepole, kwa sababu chaji zilizo ndani ya kauri zinajipanga. Ukisoma mapema utaandika mkondo wa kujipanga badala ya mkondo wa kupita. Mazoea ya kusoma baada ya sekunde 60 yanafaa kulinganisha bidhaa, lakini kwa alumina nzuri hayatoshi, hivyo subiri hadi namba itulie kabisa.

Soma kwenye +V 100, kisha kwenye −V 100, kisha kwenye 0. Andika halijoto kila mara, maana upitishaji wa kauri bila mionzi hupanda kwa kasi joto likiongezeka.

Dalili ya mafanikio: kwenye halijoto ya chumba, upitishaji uko chini ya 10⁻¹² S/m. Ukiwa juu ya hapo, rudi kwenye usafi wa uso na pete ya ulinzi kabla ya kuomba muda wa chanzo.

## Hatua ya 6: Pima dozi mahali penyewe ilipo sampuli

Usitegemee ramani ya kasi ya dozi iliyochorwa chumba kikiwa kitupu, kwa kuwa kuta za chemba na kishikizo hupunguza miale. Weka vipimadozi vya alanini ndani ya chemba, mahali hasa patakapokaa kisahani, kwa muda unaojulikana.

Bamba la alumini la mm 2 liwe mbele ya sampuli upande wa chanzo. Gama za kobalti-60, zenye MeV 1.17 na 1.33, huhamishia nishati kwa elektroni ambazo husafiri kidogo kabla ya kuiacha. Bila bamba, uso wa kisahani hupata dozi pungufu kuliko ndani yake, na hesabu nzima huegemea upande mmoja.

Nusu uhai wa kobalti-60 ni miaka 5.27, hivyo thamani ya miezi michache iliyopita lazima irekebishwe: chanzo hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwezi.

## Hatua ya 7: Soma mkondo ndani ya mionzi

Anza na volteji 0. Chanzo kikiinuliwa kutoka mahali kinapohifadhiwa ili kipige sampuli, mkondo mdogo utaonekana ingawa hujaweka volteji yoyote. Huo ndio mkondo wa elektroni zilizorushwa, na usishangae ukiwa hasi.

Sasa weka +V 100. Mkondo utaruka mara moja, kisha utaendelea kubadilika taratibu kwa dakika kadhaa huku mitego iliyo ndani ya kauri, yaani kasoro zinazonasa chaji, ikijaa. Subiri hadi mabadiliko yawe chini ya asilimia 1 ndani ya dakika kumi. Geuza iwe −V 100 na usubiri tena.

Kokotoa hivi, ukitumia alama halisi za mikondo:

σ = (I₊ − I₋) ÷ (2V) × (unene ÷ eneo)

Kutoa huko huondoa mkondo usiotegemea volteji, na hapo ndipo faida ya kugeuza alama inapoonekana. Anayesoma upande mmoja tu hubeba kosa hilo hadi kwenye ripoti, na kosa lenyewe huwa kubwa zaidi pale hasa kauri inapokuwa nzuri.

Onyo: usizime volteji na kugusa kebo mara moja. Unganisha elektrodi na ethi kwanza, kwani kauri iliyopigwa na mionzi huweka chaji ndani yake na huweza kuitoa ghafla.

## Hatua ya 8: Badilisha kasi ya dozi na chora mteremko

Kipimo kimoja hakithibitishi kitu. Tafuta angalau nafasi nne, kwa mfano 0.05, 0.2, 0.8 na 3.2 Gy/s, kila moja ikiwa imepimwa kwa alanini. Kanuni ya mraba wa umbali isitumike kukisia, kwa sababu chanzo cha fito ndefu si nukta.

Toa σ₀, kisha chora upitishaji dhidi ya kasi ya dozi kwenye karatasi ya logi kwa logi. Mteremko ndio δ. Ukiwa 0.8, kila unapozidisha kasi ya dozi mara nne, upitishaji unapaswa kupanda takriban mara tatu, na kutoka nafasi ya kwanza hadi ya nne upande karibu mara 28.

Mteremko ulio karibu na 1 unaonyesha kwamba chaji nyingi zinanaswa na kasoro ambazo idadi yake haitegemei mionzi. Ulio karibu na 0.5 unaonyesha kwamba elektroni na matundu yanaungana moja kwa moja. Thamani za katikati huja pale mitego inapokuwa na vina vingi tofauti, na hizo ndizo za kawaida. Ukipata mteremko ulio juu ya 1 dhahiri, au mstari unaopinda ghafla kwenye nafasi moja, kagua kanieneo cha chemba na halijoto ya nafasi hiyo kabla ya kufikiria maelezo mapya ya fizikia.

## Hatua ya 9: Tenganisha cha muda na cha kudumu

Chanzo kikishuka, mkondo huanguka kwa kishindo, kisha hubaki mkia unaopungua polepole huku mitego ikiachia chaji zake. Mkia huo si uharibifu. Acha muda upite, kisha rudia Hatua ya 5 kwa halijoto ileile.

Usihukumu kwa rangi. Alumina nyeupe hugeuka kahawia kidogo baada ya gama kwa sababu ya chaji zilizonaswa, na rangi hufifia kwa kupashwa joto. Kisahani cha kahawia kinaweza kuwa kihami kizuri kabisa.

Ikiwa upitishaji umebaki juu, ondoa elektrodi, ng'arisha pande zote kwa unga wa almasi, paka elektrodi mpya na upime tena. Ukirudi chini, tatizo lilikuwa juu ya uso. Uharibifu wa kudumu wa ndani umeripotiwa hasa katika hali ambamo mambo matatu yamekutana: halijoto ya nyuzi mia kadhaa, volteji iliyowekwa muda wote, na chembe zenye uwezo wa kung'oa atomi kutoka mahali pake. Gama za kobalti kwenye halijoto ya chumba hung'oa atomi chache mno, kwa hiyo dai la uharibifu wa kudumu katika hali hiyo linahitaji ushahidi mzito.

## Ukihamia kwenye kinu

Kasi ya dozi ikifika 1,000 Gy/s, kila gramu ya kauri hupokea wati 1 ya joto. Ndani ya ombwe joto hilo halina pa kwenda isipokuwa kwenye kishikizo, kwa hiyo thamokapo iguse kisahani chenyewe, na kishikizo kiwe na njia nzuri ya kupitisha joto. Vinginevyo utapima kupanda kwa σ₀ kutokana na joto na kudhani kwamba ni athari ya mionzi.

Nyutroni hung'oa atomi na kuacha kasoro mpya, ambazo huwa mitego. Ndiyo maana K inaweza kushuka kadiri siku zinavyopita kinuni, jambo linalowashangaza wanaotarajia upitishaji uongezeke tu. Rudia Hatua ya 8 mara kwa mara badala ya kutumia K ya siku ya kwanza.

Epuka kauri zenye boroni mahali penye nyutroni za polepole: boroni-10 huzimeza na kugeuka lithiamu na heliamu, na kauri hubadilika kikemia huku gesi ikijikusanya ndani yake. Sampuli zilizotoka kinuni, tofauti na za kobalti-60, huwa zenyewe zinatoa mionzi, hasa elektrodi za dhahabu. Panga mapema zitahifadhiwa wapi na zitapoa kwa muda gani kabla ya mtu yeyote kuzikaribia kwa ajili ya kipimo cha Hatua ya 9.